Kujitenga kwa Wala Maharage wa Kang'ata

Kang'ata, Handeni

Kwa Mwenyekiti wa Kanda,
Chama cha Jembe na Fimbo,
Korogwe.

Ndugu Mwenyekiti Sufiani,

YAH: KUJITENGA KWA WANACHAMA KUMI NA MMOJA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kiti chako kizima pia, maana huu ni mwaka wa tisa hujakiachia. Mimi, katibu wa tawi lako la Kang'ata, naomba kukuarifu kwa heshima kwamba tunaondoka kwenda kuunda Chama cha Sufuria Moja. Sababu zetu ni hizi:

1. Ulikuja kutupatanisha wakulima na wafugaji juu ya njia ya ng'ombe kwenda lambo. Kiangazi kilichopita ng'ombe wa mfugaji Mepukori walipita katikati ya mahindi yangu kwa kukosa pa kupita, na mimi na yeye nusura tuvunjane mbavu. Ulikuja na kamera mbili na mbuzi mmoja. Kamba ya kupimia njia hukuja nayo.

2. Mbuzi huyo ukawapa watu wa Mepukori wamchinje, "kama ishara ya umoja". Wakamziba pumzi, kama ilivyo desturi yao. Wewe ni Mwislamu wa kuzaliwa, Ndugu Mwenyekiti, ulidhani tutakula? Mzee Sabiri alipouliza nani kasoma bismillahi, mpiga picha wako akamjibu, "Mzee, tabasamu kwanza." Nao wafugaji wakaona tumewadharau.

3. Badala ya kuomba radhi, ukaagiza meza mbili, ya wakulima na ya wafugaji. Baada ya meza mbili zikaja kamati mbili, na sasa tuna wagombea udiwani wawili wa chama kimoja katika kata moja, wanarushiana vijembe kwa vipaza sauti. Kwa mwendo huu, kufikia uchaguzi kila mwanachama atakuwa na tawi lake, nawe utakuwa mwenyekiti wa wenyeviti watupu. Hongera. Sijapata kuona chama kinachokua haraka hivi bila kuongeza mtu.

4. Bi Fatu, ambaye njia hiyo inagusa pembe ya shamba lake, alisimamishwa mbele ya mkutano akaulizwa kwenye kipaza sauti kama anaipenda amani. Akajibu kwamba anayapenda mahindi yake, akakaa. Taarifa yako ikasema "wananchi wameridhia".

Siku ile, nyama ilipotushinda, mke wangu Mwanaisha alibandika maharage. Naeku, mke wa Mepukori, akaona aibu wao kula peke yao, akaleta maziwa. Tukala kumi na mmoja, wakulima na wafugaji, sufuria moja. Hicho ndicho chama chetu.

Najua utasema kwamba usajili unataka wanachama wa mikoa mingi. Tumeshaanza: Sabiri ana shemeji Morogoro. Kwa hiyo tunaomba utupe baraka zako, utupe bendera ya zamani (tutaigeuza), na utamke hadharani kwamba bila chama kipya njia ya ng'ombe haitapatikana kamwe. Hilo ndilo jambo pekee tunalolisimamia, na nimeliandikia katiba ya kurasa arobaini na mbili.

Wasalimie wote wa ofisini, mpiga picha, na mkeo Bi Maryamu, ambaye alikula maharage yetu akatuomba usijue.

Wako katika mapambano, ijapokuwa dhidi yako,

Muhidini Kasmiri
Mwenyekiti Mwanzilishi

N.B. Sijafunga bahasha, Mepukori kanipitia asubuhi hii na kamba begani. Kumbe jana yeye na Naeku walikwenda nyumbani kwa Bi Fatu, wakapiga hodi, wakakaa, wakanywa uji, wakaomba. Bi Fatu akawakatia hatua nne za pembe ya shamba, akasema, "Mwaka mzima mnaniita mikutanoni. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuja kuniomba." Nilimwambia Mepukori tusubiri kwanza usajili. Akacheka: "Muhidini, ng'ombe wangu wana kiu leo." Ilipofika saa nne njia ilikuwa imefika lambo. Wanachama wenzangu wote wako huko wanapanda minyaa ya mpaka, kwa hiyo sina wa kumwuliza kama barua hii bado iende. Naituma hivyohivyo. Usihangaike kuijibu, nami nakwenda kuchimba.