Vita vya Karani wa Mihuri na Mwanyumba Wake

Njooni, enyi wenye masikio, na ninyi pia mlionunua raba kwa mbwembwe zikaishia uvunguni! Sogeeni, kaeni kitako, zimeni simu zenu, mpate kusikia habari za vita vikuu vilivyopiganwa kwa magoti, kwa mapafu na kwa kaptula yenye kubana, baina ya wanaume wawili waliooa dada wawili wa nyumba moja. Vita ambavyo hadi leo vikitajwa sebuleni kwa mama mkwe wao, mmoja hukohoa na mwingine hujifanya anatafuta kijiti cha meno.

Shujaa wetu alikuwa Karani wa Mihuri katika ofisi ya maji, ghorofa ya pili, dirisha la mwisho. Mkono wake wa kulia ulitisha kwa nguvu, kwa kuwa ndio uliogonga mihuri tangu asubuhi hadi jioni. Viungo vyake vingine vyote vilikuwa vimestaafu mapema. Hasimu wake alikuwa mwanyumba wake, Muuza Nyama, Mbeba Kitambi, Bwana wa Visu, ambaye maishani mwake hakuwahi kufanya zoezi lolote isipokuwa kucheka.

Na chanzo cha uhasama kilikuwa ndizi. Mwaka uliotangulia, katika mbio za kilomita kumi za mtaa, Karani alikuwa ameshaiona kamba ya mwisho kwa macho yake alipopitwa na Muuza Nyama, ambaye mkono mmoja ulishika ndizi na mwingine simu. Akasikika akisema kwenye simu ile, "Hebu subiri kidogo, nampita mwanyumba." Akampita.

Tangu siku ile, kila Jumapili familia ilipokusanyika kwa mama mkwe, Muuza Nyama alizama kwenye kochi, na Karani akapewa kiti cha plastiki chenye mguu uliopinda, karibu na mlango wa jikoni, ambapo kila apitaye na sufuria humwambia apishe. Watoto wake mwenyewe walijifunza kuigiza jinsi ndizi ilivyoliwa. Hapo na tusimcheke sana: aliumia, na ugali wa mtu anayechekwa na watoto wake haushuki. Kochi lile ndilo alilolitaka. Hakutaka kombe wala medali, alitaka kochi.

Basi akaingia mtandaoni akapata programu ya mazoezi ya mbio ndefu, akaichapa ofisini kwa wino wa serikali, akaitundika sebuleni kwake kwenye msumari wa picha ya harusi. Picha yenyewe akaiegemeza nyuma ya kabati.

"Yaani mimi nimeondolewa ukutani?" mkewe akauliza.

Karani akanyoosha mkono uliozoea mihuri, akanena: "Ewe mke mwema, uliye taa ya nyumba hii! Picha ile ni ya jana, na ukuta huu leo ni wa ushindi. Nitakapoliteka kochi la mama yako, dunia nzima itajua ulioa..., yaani, uliolewa na nani!"

"Sawa. Ila huo ushindi ukija, uutafutie msumari wake."

Programu ile aliitii kuliko alivyopata kumtii mkuu wake wa kazi. Siku ya mbio za kasi alikimbia kwa kasi, akasimama, akashika magoti, akaita majina ya marehemu wote wa ukoo, akakimbia tena. Siku ya mapumziko hakukimbia kwa lolote. Siku moja kama hiyo mvua ilianguka ghafla nguo zikiwa kambani, mkewe akapiga kelele kutoka dirishani, naye akatembea kuziendea kwa mwendo wa bwana harusi, akisema, "Leo nimepumzishwa!" Shuka zikalowa zote. Usiku ule yeye alilalia taulo.

Lakini amri iliyoamua vita ilikuwa hii: siku za mbio nyepesi, kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Mtu mwingine angeelewa tu kwamba asijichoshe. Karani, ambaye ofisini kwake barua haipiti bila sahihi ya pili, alielewa kwamba mazungumzo lazima yawepo, na hayawezi kuwepo bila mtu wa pili. Mkewe alijaribu asubuhi moja, akarudi kitandani na viatu vyake. Ndipo akajitolea mama mkwe, mkunga mstaafu aliyeishi kichochoro cha pili.

"Kuzungumza tu?" akasema. "Si ungeniambia mapema, mwanangu."

Akaja na gauni lake refu na raba za bustani, akaanza. Alianzia kwenye posa. Alimkumbusha suti ya kuazima, akamkumbusha wajomba zake waliokula wakaondoka bila kuaga, akafika kwenye paa lake linalovuja, ambalo mkwe wake aliahidi kulitengeneza kabla mjukuu wa kwanza hajaota meno. Karani alitaka kujibu, pumzi ikakataa. Kila waliporudi nyumbani yeye aliweka alama ya vema kwenye programu, kwa kuwa mazungumzo yalikuwepo. Hakujiuliza hata siku moja ni nani aliyekuwa akizungumza.

Ikawadia siku ya vita. Muuza Nyama alifika na ndizi yake.

"Mwanyumba," akasema, "kile kiti nimekupangusia kabisa."

"Cheka, ewe mchinja waliofungwa kamba!" Karani akanguruma. "Kabla jua halijasimama utosini, utaujua mguu uliopinda!"

Kisha akamwona mama mkwe, namba kifuani. "Mama, na wewe?"

"Nimeshazoea. Nikibaki nyumbani nitaongea na nani?"

Filimbi ikalia, majeshi yakaondoka. Karani alitoka kama aliyeacha chungu motoni, na kabla ya duka la dawa alikuwa amekwisha. Muuza Nyama akampita tena, tena akimenya. Walipofika ukuta wa shule, Karani alikuwa akiburuta miguu, na mama mkwe ubavuni mwake alikuwa bado hajatoka kwenye posa.

"Nikusubiri, mwanangu?"

"Ha... ha..."

"Basi ngoja nikamsalimie mwenzako."

Akatangulia, akamfikia Muuza Nyama kwenye kona ya mwisho.

"Shikamoo, mama," akasema yule, akaficha ndizi mgongoni.

"Marahaba. Kumbe miguu unayo! Maana siku za kazi siioni kwangu, ila Jumapili chungu kikiinjikwa unajua njia. Na mapupu uliyoniletea ukaniambia ni maini, ulidhani mkunga hajui viungo?"

Hapo ndipo ilipoonekana tofauti ya aliyefuata programu na asiyeifuata. Muuza Nyama hakuwa amezoezwa. Mkwe hampiti mama mkwe katikati ya sentensi, naye sentensi za mama yule hazikuwa na mwisho. Akapunguza mwendo, akatembea, akavua kofia, akasimama kabisa mikono mbele, "Ndiyo mama, nisamehe mama," huku mama mkwe akimzunguka kwa mbio nyepesi. Karani akatokea nyuma yao, masikio yake yakiwa sugu kwa miezi mingi, akasema "Ndiyo mama" kwa pumzi ya akiba, akapita.

"Mama, naomba ruhusa, ananipi..."

"Sijamaliza."

Karani akaivuka kamba! Kweli, hatua chache kabla yake gauni refu lilimpita likavuka kwanza. Kweli pia, saa yake ilionyesha amechelewa kuliko mwaka jana, naye aliitazama, akaivua, akaitia soksini.

Jumapili ile Muuza Nyama alikalia kiti cha plastiki, akapisha sufuria. Kochi alilikalia mama mkwe, katikati, miguu juu. Karani akapewa mkono wa kochi, na hapo akaketi kwa tako moja, ameinua kidevu, machozi yakimlengalenga kwa furaha. Mkewe akamletea nyundo.

"Ushindi umekuja. Msumari wake huu hapa. Picha yangu nimesharudisha pale pake."

Basi na ikumbukwe, enyi mliosikiliza, na vizazi vihadithiane, kwamba alikuwepo mtu aliyeteka mkono wa kochi kwa jasho lake, na hakuna aliyemshusha.

Mama mkwe akaifuta midomo, akawatazama wakwe zake wote wawili.

"Haya. Nilikuwa nimefikia wapi?"

"Kwenye paa, mama," wakajibu kwa pamoja.