Kamera ya Macho Mawili na Funga Yangu ya Sita

Jumamosi, 5 Aprili

Nimepewa kamera! Ofisi ya ramani imenikabidhi leo asubuhi, nikatia saini. Chenyewe kidude hakizidi ukubwa wa katlesi ya viazi. Kina macho mawili, moja mbele moja nyuma, na kila baada ya sekunde mbili kinapiga picha ya pande zote kwa mpigo mmoja. Kazi yangu kutembea tu, kamera juu ya fimbo, mpaka vichochoro vyote vya Mji Mkongwe viingie kwenye ramani. Mtu akae Maskati auone mlango wa bibi yake hapa Kiponda.

Tunajaribiwa wawili, wiki moja. Mwenzangu Kificho, kijana wa Tumbatu, kapewa ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe: Mwanakwerekwe, Kiembe Samaki hadi Chukwani. Atakayefanya vizuri anapata barua ya ajira.

Barua hiyo naitaka mno. Nina miaka arubaini na tatu, nnakaa kwa mama, na nampenda Rawiya, anayewapaka hina maharusi wa mji mzima. Baba yake, Mzee Jamil, kaniambia waziwazi kuwa posa bila ya barua ya kazi haitaki mlangoni kwake. Akaongeza kuwa anataka mkwe mcha Mungu. Papo hapo nikamwambia niko katika funga ya sita, zile siku za sunna za Shawwal. Akasema na yeye kafunga. Tukatazamana kwa heshima kubwa. Nilikuwa nimetoka kula maandazi matatu.

Jumapili, 6 Aprili

Picha 1,214! Nimezitazama kwenye simu, unazungusha kwa kidole unaona kila upande. Fimbo haionekani hata chembe. Kamera inaificha yenyewe, sijui kwa ufundi gani. Ajabu kweli.

Mimi naonekana. Katika kila picha, tena kutoka juu. Upara wangu, niliodhani ni siri yangu na kinyozi, sasa unaelekea kwenye ramani ya dunia.

Jingine: picha mia tatu na ushee ni za baraza moja tu. Sasa nifanye nini? Wazee wamekaa, nipite kimya? Shikamoo, marahaba, mama hajambo, mguu wake vipi, mvua hii. Kamera haijui adabu, inapiga tu. Msimamizi wa ofisi kaniuliza kwa upole kama mji wote ni baraza ile. Kificho kafika Chukwani na kurudi kwa vespa. Mashindano gani haya? Yeye anawapita watu, mimi nnawasalimia!

Jumanne, 8 Aprili

Nimepata dawa. Nimeifunga fimbo kwenye mti wa fagio la tandabui, lile analosafishia mama dari. Kamera sasa iko juu kuliko vichwa vya watu wote, upara wangu uko mbali huko chini. Mama kauliza fagio lake liko wapi. Nikasema sijui, huku nimelishika.

Vichochoro vya ndani ni mtihani. Wanawake wamekaa barazani kwao, mabuibui wameyavua, wanapepeta mchele na kusengenya. Siwezi kuwaingilia na jicho la pande zote. Basi kila kona napiga hodi kama naingia nyumbani kwa mtu, nasubiri wakimbilie ndani, ndipo napita. Picha zangu ni milango na paka. Malindi, bibi mmoja akanimwagia ndoo ya maji kutoka ghorofani, alidhani nimekuja kusoma mita ya umeme. Nikarowa chapachapa. Alipojua si mimi aliyemkusudia hakuomba radhi, alisema basi nimpelekee salamu huyo wa mita.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nilikula daku kwelikweli. Nikanuia kwelikweli. Nikasema yatosha, Zahran, mtu mzima ovyo, funga kama watu.

Saa sita nilipita penye karai la katlesi.

Nisijitetee. Nilinunua mbili, na chatine. Nikajibanza kichochoro kisichopita mtu, nyuma ya ukuta wa ua wa Mzee Jamil, nikala nimesimama. Kamera niliiacha iko juu inapiga, nipate walau kichochoro kimoja. Iko juu kule, nitaonekana wapi?

Baada ya magharibi nikazitazama picha za pale. Subhanallah! Kwa urefu wa fagio, kamera imechungulia ndani ya ua. Nani yuko juu ya kibao? Mzee Jamil! Bakuli la pweza wa nazi mapajani, mkate wa boflo mkononi, mchuzi unamtiririka kidevuni. Saa sita na dakika kumi, mchana kweupe, ndiyo funga yake ya sita hiyo!

Barua ya kazi ya nini tena? Nshaipata barua yangu. Nimelala na simu chini ya mto.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku za mwizi ni arubaini. Zangu hazikufika hata sita.

Nilikwenda baada ya alasiri, nimevaa kanzu ya Idi. Shikamoo, marahaba. Nikaanza mbali. Nikasema ramani ni kitu cha ajabu, mtu hujiona mahali asipotarajia. Nikasema mimi ni msiri, na mkwe msiri ni hazina. Kisha nikamsogezea simu. Mzee akajitazama na bakuli lake. Rangi ikamtoka. Nikaona kabisa posa yangu imepokewa.

Halafu akaweka kidole kwenye picha. Akaizungusha.

Wallahi ule upande wa pili sikuutazama. Furaha! Ukuta ukapita polepole, na nyuma ya ukuta nikatokea mimi, macho nimeyakaza juu, shavu limetuna, katlesi ya pili mkononi. Hata upara umeonekana, hilo fagio halikusaidia kitu.

Rawiya akaingia. Mzee akamwita ashuhudie nilivyo mwongo, kasahau kuizungusha picha irudi. Rawiya akaizungusha yeye. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema ukuta mmoja, waongo wawili. Mzee akadai ni amri ya daktari. Rawiya akauliza kama daktari ndiye aliyeandika pweza.

Nilitamani ardhi inimeze. Nampenda mwanamke huyu, na sasa ananijua.

Ijumaa, 11 Aprili

Rawiya kaichukua kamera. Kasema kesho ni mwisho, vichochoro havijafika nusu, na mimi nimeufanya mji mzima uwe milango na paka. Nilimfuata nyuma kubeba mkoba. Nyumba zote anazijua, kila bibi harusi kampaka yeye. Hakupiga hodi hata mara moja. Anawaita kwa majina, anawaeleza, wanajitanda wenyewe wanakaa vizuri, mmoja aliomba arejee tena kwa kuwa alifumba macho. Nilimwambia msimamizi kuwa huyu ni msaidizi wangu.

Jumatatu, 14 Aprili

Barua imetoka! Si yangu. Si ya Kificho. Ya Rawiya, kwa picha zile alizopiga yeye! Kificho kacheka mpaka akakaa chini, akawasha vespa yake akenda zake. Msimamizi kaniuliza kama niko tayari kuwa msaidizi wa msaidizi wangu.

Mzee Jamil kaona aibu kukataa. Alisema posa bila ya barua ya kazi ndiyo haitaki mlangoni kwake, basi barua hiyo hapo, hakusema iwe ya nani. Lakini uamuzi ni wa Rawiya, na yeye katoa sharti. Mimi na baba yake tufunge sita zote, za kweli, kuanzia kesho. Nikizimaliza, posa itapokewa. Nikila hata tembe ya mchele, nirejeshe fagio kwa mama nisionekane tena kwao Kiponda.

Nimeapa. Machozi yalinitoka. Nimekuwa mtu mwingine.

Alhamisi, 17 Aprili

Siku ya tatu. Njaa si mchezo.

Leo nimefikiri sana nikiwa nimebeba mkoba. Kamera huona pande zote, hilo nshalijua. Lakini fimbo haioni! Fimbo inapotea kabisa kwenye picha. Basi mtu mwembamba, akisimama wima akajibandika na fimbo, atapotea pamoja nayo. Na mimi kwa siku tatu hizi nimekonda. Hesabu imekaa sawa. Katlesi mbili ziko mfukoni, nitangoja Rawiya anikabidhi fimbo aende kusali adhuhuri.

Jambo hili nilimdokezea Mzee Jamil tulipopita mlangoni pa msikiti, kwa siri. Sasa hivi kaniletea ujumbe kwenye simu, anauliza kama chini ya fimbo panaenea watu wawili.

Nimemjibu panaenea, aje na boflo.