Amri Moja kwa Mashangazi Wote

Kwa mpwa wangu, fundi wa tovuti ya harusi ya dada yako,

Salamu nyingi. Mimi shangazi yako mkubwa ni mzima wa mwili, ila roho imechafuka, na naomba usome hadi mwisho ukiwa umekaa.

Nimeelezwa kwamba bibi harusi alikuomba upunguze salamu za shangazi mshonaji, ambazo kweli zilikuwa ndefu kupita kiasi. Badala ya kumgusa yeye, ukaandika kwenye hiyo CSS yako, yale maagizo ya kupanga sura ya tovuti, mstari mmoja tu: kila kisanduku ambacho jina lake linaanza na "shangazi" kiwe kidogo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Picha yangu sasa inalingana na kifungo cha shati. Binti huyo nimemlea mimi, nimemsuka nywele hadi vidole vikafa ganzi, na wakwe walikuwa wanione hapo kwa mara ya kwanza. Imeniuma, sifichi.

2. Shangazi nesi hakuandika salamu ndefu. Aliandika "Hongera", basi. Sasa hata hiyo haisomeki.

3. Kisanduku cha keki ninayoioka ulikiita "shangazi-keki". Nayo imenywea. Mama mkwe amepiga simu kuuliza, kwa adabu zote, kama watu wake waje wakiwa wameshakula.

4. Kwa kuwa amri yako inatazama mwanzo wa jina tu, shangazi yeyote atakayeongezwa, hata wa upande wa bwana harusi, ataingia akiwa ameshapunguzwa. Mtu hajafika, keshaadhibiwa!

Kwa hiyo naomba kila shangazi aandikiwe mstari wake, kwa jina lake kamili, na kompyuta ituombe radhi mmoja mmoja, ikianza na mimi. Sisi si mzigo wa kuni wa kufungwa kwa kamba moja. Mwenye kosa aitwe peke yake.

Nisalimie mkeo, watoto, jirani yenu mpiga filimbi na kila anayeniulizia.

Ni mimi nikupendaye kwa hasira,
Shangazi Mkubwa

Tanbihi: Kwenye simu yangu wapwa wote nimewaandika kwa kuanzia na "Mpwa", na sikuwa na muda wa kutafuta fundi ni yupi, hivyo barua nimewatumia wote. Kama wewe ni mpwa dereva au mpwa wa benki, hukukosa kitu. Lakini maadamu umeshasoma, jirekebishe na wewe.