Gurudumu Lililonukia Sombe

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa tano

Yaya Eliane, dada yangu mkubwa, siapi, kwa sababu mwalimu wa Biblia alitukataza kuapa. Ninaahidi tu, kwa nguvu sana: wiki hii nitakuandikia kila kitu, hata kinachoniaibisha. Kurasa hizi zitakufikia Kyavinyonge ndani ya kapu la Mama Florentine, akija kununua samaki.

Habari njema: kwaya yetu ya vijana hapa Butembo imealikwa Beni Jumapili. Nina mstari wa kuimba peke yangu katika wimbo wa tatu! Mstari mmoja, lakini mrefu.

Habari mbaya: Papa amesema pikipiki yake itabeba mtoto mmoja tu. Mimi au Bénite. Hakutoa sababu. Ataamua Jumamosi. Binamu yetu Bénite, unavyomjua, alianza palepale kuosha viatu vya Papa. Viatu vyote viwili! Mimi nimeachiwa nini? Kamba?

Habari mbaya zaidi: gurudumu la nyuma linalia. Nimelisikia leo Papa aliponipakia kutoka shuleni. Uuuuu, kama nyuki ndani ya chupa. Ni roulement, ile pete ya chuma yenye gololi ndani, inayolizungusha gurudumu bila kuyumba. Ya jirani yetu Timothée ililia hivyohivyo. Ikafa. Pikipiki ikakaa kwa fundi mpaka kuku wakataga juu ya kiti.

Papa akiisikia ataipeleka kwa fundi. Jumapili itapita, na mstari wangu ataimba nani? Basi Papa asisikie.

Jumanne, tarehe 7

Mpango wa kwanza: kuimba.

Nilipopanda nyuma ya Papa asubuhi, nilianza wimbo wa tatu na sikunyamaza mpaka langoni mwa shule. Gurudumu linalia sauti ya alto. Mimi pia ninaimba alto. Tulipatana vizuri. Motari mmoja, mbeba abiria kwa pikipiki kama Papa, alitupita akamwuliza Papa kama amebeba mutoto ao redio. Papa akajibu kwamba redio inazimwa, huyu hapana.

Nilifika sina sauti. Mwalimu wa hesabu aliniuliza swali, nikamjibu kama chura. Darasa lote likacheka.

Jioni Papa akampakia Bénite. Bénite haimbi njiani. Bénite anasikiliza! Alishuka akisema mbele ya wote kwamba kuna kitu kinalia huko nyuma. Nikasema ni tumbo lake. Mama akamhurumia, akamwongezea viazi.

Jumatano, tarehe 8

Sauti bado. Nimekunywa tangawizi mpaka machozi. Bénite ameosha na kofia ya Papa. Mpango wa pili unaiva.

Alhamisi, tarehe 9

Yaya, nadhani nina akili.

Nimewahi kumwona Fundi Melchior akipaka gurudumu mafuta mazito, mekundu. Nikajiuliza: nyumbani kwetu kuna mafuta gani mazito, mekundu? Jibu lilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, ndani ya bidon, lile dumu la Mama. Mawese!

Papa alipolala kidogo baada ya bugali, pikipiki ikiwa juu ya stendi yake, nilichukua kijiko. Nilimimina pale katikati ya gurudumu, polepole, mpaka likakataa kunywa. Nikafuta. Nikaomba. Nikalizungusha kwa mkono.

Kimya! Kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Nimekula vizuri. Hata nimemsaidia Bénite kuosha sahani.

Ijumaa, tarehe 10

Niliahidi kuandika kila kitu. Haya.

Gurudumu likipata joto, mawese nayo yanapata joto. Hilo sikulifikiria. Abiria wa kwanza wa Papa aliuliza nani anapika sombe ya majani ya muhogo. Wa pili aliuliza kama njia ni ndefu, maana ameshikwa na njaa. Karibu na soko mama mmoja akamsimamisha, akapiga kelele: “Papa Eliane, sombe iko wapi? Utupimiye na sisi!” Mbwa wawili walimsindikiza mpaka nyumbani. Papa aliingia akimsifu Mama kwa harufu nzuri, na Mama hakuwa hata amewasha makaa.

Halafu mchana. Mawese hayakukaa mahali nilipoyaweka. Yalisafiri mpaka kwenye breki. Papa alikuwa anashuka kilima na Bénite nyuma yake. Akakanyaga breki ya nyuma, ikateleza kama sabuni. Akakamata ya mbele. Pikipiki ikapunguza mwendo, ikaingia taratibu ndani ya rundo la kabichi la mama mmoja wa Kalunguta.

Hakuna aliyeumia, Yaya, usilie. Papa alibaki ameshika usukani. Bénite alibaki amekaa juu ya kabichi. Yule mama hata alimpa Bénite kabichi nzima ya kumpa pole. Kubwa kuliko kichwa cha Papa!

Nyumbani Papa aliinama, akagusa gurudumu, akanusa kidole, akakilamba. Akamtazama Mama. Mama akaitazama bidon. Bénite akanitazama mimi.

Nilieleza yote, kuanzia nyuki ndani ya chupa. Nilingoja fimbo. Papa alicheka mpaka akakaa chini, na afadhali fimbo. Alipopata pumzi alisema kelele ile aliisikia tangu wiki iliyopita. Roulement imechoka, haiwezi kubeba watu watatu mpaka Beni. Ndiyo maana alisema mtoto mmoja. Alikuwa aipeleke kwa Melchior leo asubuhi. “Lakini asubuhi iko kimya kabisa! Nikasema, Mungu ameiponyesha.”

Maana yake, Yaya: ningeliacha gurudumu lilie tu, leo ingekuwa imetengenezwa na tungekwenda wote wawili.

Nikamwuliza kuhusu Jumanne, je, hakusikia wimbo wangu tu? Akasema aliwasikia wote wawili, na gurudumu ndilo lililoshika sauti vizuri.

Sasa pikipiki haiendi popote. Na kesho ni salongo: asubuhi yote mji mzima unafagia na kuchimba mitaro, hakuna duka wala garage inayofunguliwa. Ikiisha, motari wote wenye shida watajipanga kwa Melchior kabla yetu. Bénite analia. Mimi pia, lakini mimi ninalia kwa siri, ndani ya taulo.

Jumamosi, tarehe 11

Sikulala vizuri, lakini niliamka na wazo. Sheria ya salongo inasema kila mlango utoe mtu. Haisemi mtu gani!

Tulisukuma pikipiki mpaka kwa Fundi Melchior, mimi, Bénite na Papa. Melchior alikuwa tayari na jembe mbele ya garage yake, amekunja uso. Mtaro wake ulijaa matope mpaka juu. Nilimwambia kwa heshima kwamba sisi wasichana wawili tutakuwa watu wa mlango wake, yeye aingie ndani na gurudumu. Akamwita chef wa avenue, yule mkuu wa mtaa. Chef akatutazama miguu mpaka kichwa, akasema wasichana wawili wanatosha mwanaume mmoja, na Melchior si mwanaume wa kutosha sana kwa jembe. Watu wakacheka. Melchior akanipa jembe haraka kabla chef hajageuza mawazo.

Tulichimba. Bénite anachimba vizuri, lazima niandike. Aliniuliza kama kweli nilisema ni tumbo lake. Nikasema ndiyo. Akanirushia tope. Nikamrushia lake. Kisha tukaendelea.

Kupitia mlango niliona kila kitu. Melchior alitoa gurudumu, akazigonga roulement mbili za zamani zikatoka. Moja ilikuwa imeliwa na kutu, gololi zimelegea kama meno ya mzee, na juu yake mawese. Akaosha breki kwa petroli, akaikwaruza kwa msasa. Mpya aliziingiza kwa nyundo, lakini hakuzipiga zenyewe: aliweka pete ya zamani juu, akagonga hiyo, zikaingia sawa bila kuumia. Maharagwe yasingeiva kwa muda huo.

Nikamwuliza, mbona ya Timothée ilikaa mpaka kuku wakataga? Akasema ilipona siku ileile. Timothée ndiye hakurudi kuichukua; alikuwa Kamango, anachumbia.

Papa akalizungusha gurudumu. Kimya, na safari hii halikunukia kitu. Akamshukuru Melchior, “Wasingya”, akatugeukia sisi, tope mpaka masikioni. “Sasa inabeba batatu.”

Jumapili, tarehe 12

Beni! Tulitoka na baridi ya Butembo, tukafika tunavua masweta. Bénite alishika kabichi yake njia nzima, akawapa wenyeji wetu kama zawadi. Walimpigia makofi. Niliwaacha wapige.

Mstari wangu nimeuimba, Yaya. Sauti ilirudi yote. Papa alisimama nyuma ya kanisa na kofia safi mkononi, na nadhani alifuta macho, ingawa anasema ni vumbi la njia. Bénite alinifinya mkono chini ya kitabu cha nyimbo. Nimefurahi mpaka sasa.

Wakati wa kurudi tulikuwa watatu, tumejaa wali. Na hapo, baada ya Kalunguta, nikasikia kitu. Uuuuu.

Mbele. Sio nyuma.

Papa alikuwa anapiga mluzi kwa nguvu, kwa hiyo hakusikia. Bénite alisinzia. Mimi peke yangu ndimi ninayejua. Na Papa ametuahidi kutuleta kwako Kyavinyonge vakansi ya shule ikianza! Akijua gurudumu la mbele limechoka, si atasema tena mtoto mmoja?

Nimefikiri sana tangu tufike. Wazo langu la Alhamisi lilikuwa zuri. Kosa lilikuwa mawese tu, yananukia mno. Ninyi huko ziwani mna mafuta mengine. Basi nijibu upesi, Yaya, kwa kapu lilelile la Mama Florentine: mafuta ya samaki yakipata joto, yananukia sana, au kidogo?