Upande wa Kushoto wa Profesa

Profesa hakuwahi kufundisha popote. Jina hilo alipewa na watu wa mjini kwa sababu ya suti yake moja na maneno yake mengi. Siku moja, akipita nje ya kliniki ya macho, aliona wagonjwa wakitoka na vichupa mkononi, nyuso zimewashuka, akajua riziki yake imefika.

Walikuwa na presha ya macho. Daktari alikuwa amewaambia ukweli: matone yale hayaponyi, yanashusha presha tu ili wasipofuke, na watayatumia maisha yao yote. Profesa aliwahurumia sana kwa maneno hayo ya maisha yote, akawaletea dawa ya wiki moja. Ilikuwa maji, lakini aliyachemsha, maana naye alikuwa na utu wake. Mgonjwa alimpa kichupa cha kliniki na kitu kidogo juu yake, akapewa cha Profesa. Vile vya kliniki aliviuza kwingine.

Kwenye mabenchi ya nje ya kliniki akakaa kushoto kwake mama mmoja, mshonaji aliyestaafu, ambaye matone yalikuwa yamemlindia macho miaka mingi. Profesa akammwagia sera zake. Mama akasikiliza kwa adabu, akauliza maswali marefu, akamsifia suti. Profesa alinogewa, akaeleza mpaka alikosomea.

Alipofungua mkoba amtolee dawa, akakuta maji yake tu. Vichupa vyote vya kliniki vimetoweka.

“Nimewarudishia wenyewe,” mama akasema. Kweli, benchi zima la nyuma lilikuwa limeshika vichupa na kumtazama vibaya.

Profesa akacheka, maana fundi humheshimu fundi mwenzake. Akaomba afundishwe jinsi vilivyochukuliwa.

“Sikufanya ujanja wowote, mwanangu. Nilikuwa nachukua kimoja kimoja hapa kushoto kwako na kuwapitishia wenyewe nyuma, mkono wazi kabisa. Hukuona?”

Profesa akaendelea kucheka peke yake kidogo, kisha akageuza kichwa kushoto. Akakumbuka milango aliyoigonga kwa bega, na yule mwendesha baiskeli aliyemtukana wiki iliyopita kwamba ni kipofu.

“Hata mimi presha hii ilinianzia pembeni,” mama akasema taratibu. “Haiumi. Ndiyo maana inakula watu.” Akamshika mkono, akamwingiza ndani kama mtoto wa chekechea.

Daktari alimpima presha, akamchungulia ndani ya jicho, akamwambia bila kumung'unya maneno: sehemu iliyokufa hairudi. Iliyobaki inalindika. Wataanza na matone kila jioni. Yakishindwa, ipo miale ya leza, na baada yake upasuaji. Vipimo havitaisha.

Profesa, kwa sauti ndogo ambayo mjini hawajaisikia, akauliza kama hakuna dawa ya kumaliza kabisa, hata ya wiki moja.

“Atakayekuambia ipo,” daktari akasema, “ni mwizi.”

Nje alimkuta mama bado anamsubiri. Akamwomba amwonyeshe namna ya kutia matone. Mama akamwinua kidevu, akamvuta kope ya chini, tone likaingia, akamwambia afumbe na abonyeze pembeni mwa pua. Profesa alipepesa sana, dawa ikamtiririka shavuni. Watu wa benchi walidhani analia, na kwa kiasi fulani hawakukosea.