Mwenyeji wa Siku Kumi

Jumatatu, 3 Juni 2013

Nimefika Palma. Pale Namoto, mpakani, nimevuka bila tabu. Afisa wa uhamiaji, Bwana Germano, amenipa karatasi ya kuvukia ya siku kumi, akaniambia nikitaka zaidi nirudi kwake aigonge muhuri. Sikumsikiliza sana. Mtu anayekwenda kwenye gesi harudi nyuma kuomba siku.

Nimekuja na mtungi wa gesi mtupu. Nimeubeba begani tangu Mikindani. Wazo langu ni rahisi: gesi imegunduliwa huku, basi mwenye mtungi ndiye atakayejaza wa kwanza. Shangazi Somoe, dada wa marehemu baba aliyeolewa huku miaka ishirini iliyopita, ameutazama mtungi, akanitazama mimi, akauliza kama mama anajua nilikokwenda. Kisha akanieleza kwamba gesi yenyewe iko chini ya bahari, mbali kabisa, na kwamba yeye bado anapikia kuni. Mtungi kauweka jikoni. Anaukalia akichambua mchele.

Jambo jingine ni saa. Huku wako nyuma yetu kwa saa nzima. Yangu sitaibadilisha. Mtu anayewatangulia wenzake saa nzima kila siku, baada ya mwaka atakuwa wapi na wao watakuwa wapi?

Jumanne, 4 Juni

Nimepata mpango. Kila mtu hapa anasema kampuni itakapoanza kuajiri, itaanza na wenyeji. Basi nitakuwa mwenyeji. Kinachotakiwa ni karatasi ya ukazi tu, na anayeiandika ni sekretario wa mtaa, Mzee Momade.

Shangazi ameshauri nimwendee mzee nimweleze ukweli: mimi Sadallah wa Mikindani, mpwa wa Somoe, ninatafuta kazi. Nimemwambia ukweli ni wa watu wenye nafasi.

Kwa sekretario nimemkuta Rama. Huyu Rama ni Mkilwa. Tulivuka mtumbwi mmoja, alikaa ubavuni mwangu na kula karanga zangu mpaka ng'ambo. Naye anataka karatasi! Sekretario alikuwa na wageni, akatuambia sote wawili tuje kesho saa nane.

Jumatano, 5 Juni

Nimefika saa nane mchana barabara, koti limepigwa pasi. Mlango umefungwa.

Ugunduzi wa leo: mtu wa serikali huku anahesabu saa kwa Kireno. Nane yao ni saa mbili ya asubuhi kwa Kiswahili. Rama alijua. Alijuaje? Aliuliza. Amekwenda asubuhi, akasema yeye ni mtu wa Kilwa, ana pasi ya kusafiria, anataka kukaanga chapati sokoni. Mzee akampa karatasi ya mgeni mkazi papo hapo. Kumwambia mtu wa serikali ukweli wote namna ile! Lazima kuna kitu alimpa.

Hata hivyo siku haikupotea. Barazani kwa sekretario alikuwa amekaa binti yake, Saquina, anashona kwa cherehani. Alinipa maji. Aliniuliza mimi wa wapi. Nikasema wa hapa. Akauliza hapa wapi. Nikasema hapa hapa. Akauliza basi ilikuwaje mtu wa hapa akaja ofisini saa nane mchana. Nikamwambia nilikuwa safarini muda mrefu. Akacheka kidogo, akarudi kwenye mshono wake. Nimetembea na kicheko hicho mpaka nyumbani nikapita mlango wa shangazi bila kuuona.

Alhamisi, 6 Juni

Siku kubwa. Asubuhi jirani amepita anamwambia shangazi kwamba kwenye kituo cha afya leo kuna bicha kubwa, haijapata kuonekana. Nikaelewa mara moja. Wanapiga watu picha! Na watu hawapigwi picha bure. Ni za vitambulisho vya kazi ya gesi. Matamshi ya watu wa huku yamelegea, lakini sikio langu ni zuri. Shangazi akataka kunieleza kitu. Nilikuwa nimeshavaa koti.

Kufika, nakuta foleni kutoka mlangoni hadi barabarani. Bicha ni foleni. Ndiyo Kireno cha foleni. Hayo nimeyajua nikiwa nimeshasimama ndani yake, nimechana nywele, nimetabasamu tayari, na mbele yangu na nyuma yangu ni wanawake watupu, wengi wao na matumbo ya miezi saba, minane. Walikuwa wanagawiwa vyandarua vya wajawazito.

Mtu mwingine angeondoka. Mimi niliona nafasi. Chandarua kipya, ndani ya mfuko wake, ni zawadi ambayo mwanamke yeyote angeikumbuka. Nikawaambia waliokuwa mbele kwamba mke wangu ni mjamzito na hali yake si nzuri. Wakanipisha. Watu wa Palma wana huruma, hilo sina budi kuliandika. Mmoja alinishika mkono akaniombea dua.

Nesi anaitwa Celeste, mtu wa Mueda, hana mwezi hapa. Akafungua daftari. Akauliza jina la mke.

Sikuwa nimefika huko katika mpango.

Nikasema, “Saquina.” Akauliza Saquina nani. Nikasema, “Saquina Momade.” Akaandika. Akauliza mimba ya miezi mingapi. Nikasema mitano. Akaandika na hiyo.

Ijumaa, 7 Juni

Baada ya swala ya Ijumaa nimempelekea Saquina chandarua. Nimemwambia ni kitu kidogo tu. Amekipokea kwa mikono miwili, akageuza mfuko, akasoma maandishi yaliyopigwa pembeni, akaniuliza nimekitoa wapi. Nimemjibu kwamba mwenyeji hakosi njia. Akanitazama kwa muda. Nadhani ameanza kunielewa.

Rama amefungua meza yake ya chapati karibu na soko. Nimenunua mbili ili nipeleleze. Hazina kasoro ya maana.

Jumatatu, 10 Juni

Mambo yameharibika.

Kumbe nesi Celeste hagawi chandarua na kusahau. Mjamzito mgonjwa anafuatwa nyumbani. Leo asubuhi mama mmoja wa kujitolea, na mizani yake begani, amepiga hodi kwa sekretario na kuuliza mbele ya watu waliokuja kwa shida zao, yuko wapi binti mwenye mimba ya miezi mitano. Mzee Momade akasema nyumba hii haina mtu wa namna hiyo. Mama akamsomea jina. Mzee akaomba kiti.

Shangazi ndiye aliyeniletea habari. Hakupaza sauti. Alikaa juu ya mtungi wangu akaniambia Saquina ni mjane wa miaka mitatu, anajitunza kwa cherehani yake, na tangu asubuhi wateja wawili wameshakuja kuchukua vitambaa vyao bila kushonwa. Kisha akasema, “Mimi nimeishi mji huu miaka ishirini, baba, sijapata kuinamisha kichwa njiani. Leo nimepita njia ya nyuma.”

Nilitaka kumweleza kwamba nia ilikuwa njema. Nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji.

Nimeitwa kwa sekretario kesho. Saa mbili ya asubuhi. Safari hii niliuliza.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda na shangazi. Mzee Momade alikuwa na karatasi mbele yake, barua ya kwenda uhamiaji. Alisema mgeni asiyejieleza, anayechafua jina la binti wa watu, hana haja ya kumalizia hata siku yake ya kesho. Nirudishwe kwetu, nisikanyage tena. Alisema polepole, akivua kofia yake na kuivaa tena. Sijapata kumwona mzee wa watu katika hali ile kwa sababu yangu. Nikaangalia chini.

Saquina akatoka ndani na chandarua mkononi, hajakifungua. Akakiweka mezani. Akaniuliza, “Kaka Sadallah, majina yote ya wanawake duniani, hukuwa na jingine?”

Nilikuwa na majibu matatu tayari. Yote yakanitoka kichwani.

“Sikuwa na jingine,” nikasema. “Lilikuwa ni hilo peke yake.”

Shangazi akajifanya anatengeneza ushungi. Saquina alinitazama tena, safari hii bila kicheko, na nikaona uso wake umebadilika kidogo, kama mtu aliyepewa kitu asichokitaka lakini hawezi kusema ni kibaya. Kisha akamgeukia baba yake akamwomba asiipeleke barua ile. Alisema kunifukuza hakutamrudishia jina lake. Watu watasema mume amekimbia. Akaniambia mimi niende kituo cha afya sasa hivi, nikairudishe zawadi yangu, nifute nilichokisema kwa mdomo ule ule, mbele ya foleni ile ile. Kesho nikaitengeneze karatasi yangu Namoto, kama watu wengine.

Nikaenda. Bicha ilikuwa ndefu kuliko ya Alhamisi. Nesi Celeste akanisimamisha juu ya kibao cha kupimia uzito ili waone wote. Nikasema mimi Sadallah, mgeni kutoka Mikindani, sina mke, hakuna mwenye mimba, jina la Saquina binti Momade nililitaja kwa uongo, na yeye hakujua lolote. Waliokuwa nyuma wakasema hawasikii, nikarudia. Yule aliyeniombea dua alikuwepo. Alisema dua yake hairudi, nitafute wa kumpa. Wanawake wakacheka mpaka mmoja akalazimika kukaa chini. Celeste akasoma kilo zangu kwa sauti, akafuta jina daftarini.

Jioni shangazi ameniambia mteja mmoja amerudisha kitambaa chake kwa Saquina, na kuongeza kingine. Nimefarijika kuliko nilivyotarajia. Halafu akaniambia Rama naye amepeleka kushonewa aproni mbili. Mtu mmoja, aproni mbili! Za nini?

Nimelala nikitafakari kosa langu, na nimeliona. Kosa lilikuwa jina la baba. Ningesema Saquina tu, Palma nzima wako wangapi?

Jumatano, 12 Juni

Namoto. Siku ya mwisho ya karatasi yangu. Nilijiandaa kwa mapambano: nilikuwa na maelezo ya ugonjwa, ya msiba, na ya mtumbwi kupinduka. Bwana Germano hakuuliza hata moja. Alichukua karatasi, akagonga muhuri, akanipa siku thelathini. Haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Yeye mwenyewe siku ya kwanza, na Saquina jana, walikuwa wamesema hivyo hivyo, nami sikatai kwamba walibahatisha.

Ilibaki nafasi moja ya kujaza. Akauliza kazi yangu.

Ningeweza kusema sina. Ndio ukweli, na nilikuwa nimeshaufungua mdomo. Lakini alikuwa ameshika kalamu, na nafasi ilikuwa tupu, ndefu, na safi.

“Mkalimani,” nikasema.

Bwana Germano akainua kichwa. Akauliza kama Kireno nakijua vizuri. Nikamjibu, “Sim.” Ni “ndiyo” yao; hilo ninalijua vizuri sana. Akafurahi. Akasema Mungu kanileta, maana Jumatatu kuna wageni wa kampuni wanakwenda kuzungumza na wanavijiji wa pwani ya Tungue, na mkalimani wao ameugua ghafla. Wageni hawajui Kiswahili, na wazee wa kule hawajui Kireno. Ameandika jina langu, lote, pamoja na la baba.

Nimekubali. Maneno ya Kireno ninayo kumi na moja tayari, na siku nne nzima ziko mbele. Mkutano wenyewe, anasema, si mgumu. Ni habari ya mashamba tu: nani atabaki na nani atahama, na kila mzee ataweka kidole kwenye karatasi baada ya kuelezwa.

Mimi ndiye nitakayewaeleza.