Taa Iliyozima Posa

Kaka Mpendwa,

Shangazi wa yule kijana fundi baiskeli alisema jana, mbele ya Mama na mbele yangu, kwamba ukoo wao hautakanyaga tena nyumba yetu mpaka taa uliyotuletea iwaombe radhi. Nilimuuliza kama anamaanisha taa au mwenye taa. Akajibu, "Taa. Mwenye taa hakuwepo, wala sina ugomvi naye." Nimenukuu kama alivyosema.

Ulinikabidhi kazi ya kumsimamia binti yako katika posa kwa kuwa wewe na shemeji mko mbali kwenye ujenzi wa barabara. Posa hiyo imekatika katikati. Kabla hujasikia kwa wengine kwamba mdogo wako ndiye aliyeiharibu, naomba upokee malalamiko yangu rasmi dhidi ya taa.

Nieleze mambo yalivyoanza. Nguzo ya mwisho ya umeme iliishia kwa muuza mbao, ng'ambo ya korongo, na haina dalili ya kuvuka. Kwa hiyo boksi lako lilipofika, lenye taa za betri zinazowaka zenyewe mtu akipita, tulishangilia. Mwanao alizifunga kwa mkono wake, maana mimi na ngazi hatupatani. Moja aliiweka njia ya chooni, moja mlango wa jikoni, moja sebuleni juu ya kabati la vyombo. Alitueleza kwamba kila taa ina jicho, kwamba jicho huona mwili wenye joto unaosogea, na kwamba watu wakitulia taa huzima ili kulinda betri. Tulimsikiliza kama watu wanaosikiliza dua: tuliitikia bila kuelewa.

Malalamiko ni haya.

1. Taa ya jikoni haina adabu kwa wakubwa. Paka akipita inawaka. Kuku akipita inawaka. Mama akija polepole na fimbo yake, ameielekea moja kwa moja, inamwangalia tu. Juzi nilimsikia akiiambia, "Hodi! Nyumba hii nimeikandika kwa mikono yangu, leo nikubishie hodi wewe?" Iliwaka alipoinua fimbo. Kwa maneno mengine, kipigo inakiogopa, ila umri haiujui.

2. Chooni. Nitakuwa mfupi. Mimi huingia na gazeti, na mtu anayesoma gazeti hasogei. Taa ya njiani, inayonimulikia juu ya ukuta, huzima kila nikifika aya ya pili. Mtu wa umri wangu hapaswi kukaa pale akipunga mkono kama anayeaga meli. Tena ukuta wa choo chetu, kama unavyojua, ni mfupi, na jirani mshona viatu ameanza kunipungia naye.

3. Taa ya njia ya chooni inatangaza habari bila kuzithibitisha. Ikiwaka, Mama husema, "Mgeni huyo," akabandika birika, nami nikavaa shati. Tukitoka tunakuta ni mbuzi wa huyo huyo mshona viatu. Mbuzi yule tumeshampikia chai zaidi ya mara moja. Katika kazi yangu ya uandishi wa habari, mtu aliyeniletea habari kwamba "kuna kitu" bila kusema ni nani, nilimrudisha akaulize.

4. Sebuleni. Hapa ndipo penyewe.

Wageni walifika jioni, giza likiingia. Upande wao alikuwepo shangazi, msemaji wao ambaye ni mpiga chapa mstaafu, na kijana mwenyewe, suruali imepigwa pasi hadi inakata. Upande wetu tulikuwa Mama, mimi, na binamu yetu tunayemwita Redio kwa sababu unazozijua. Mwanao aliingia akakaa kwenye kigoda, kichwa chini, mikono mapajani. Wote tulikaa kama watu waliolelewa: wima, kimya, bila kutikisa hata kope. Taa ikaona sebule haina watu. Ikazima.

Msemaji wao akainua mkono kuuliza kulikoni, ikawaka. Akaushusha, akaendelea kwa unyenyekevu, ikazima tena. Ikawa kila anayesema maneno mazuri kwa upole anayasema gizani. Redio yeye alikuja kupinga. Alipinga siku, alipinga mpangilio wa viti, alipinga baiskeli kama chombo cha usafiri. Na kwa kuwa huongea kwa mikono yote miwili, alipata mwanga mwanzo hadi mwisho. Shangazi akamgeukia Mama: "Kwenu anayestahili kuonekana ni huyu?" Mama akamjibu, "Huyu tumemzoea, dada. Hata mchana tunamvumilia."

Nikaona nifunge shughuli kabla haijaharibika. Nikatangaza kwamba posa imeletwa na binti ameisikia. Tukamtazama. Hakuinua kichwa, hakutoa neno. Nikasema, kama walivyosema baba zetu, "Kimya ni jibu, wazee wangu, na jibu mmeliona."

Hapo hapo taa ikazima.

Kaka, nimeripoti mafuriko, nimeripoti chaguzi, lakini kimya kama kile sijakutana nacho. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea, maana atakayesogea ndiye atakayemulikwa. Mwishowe ikasikika sauti ya shangazi: "Tumeona nini? Mimi sijaona kitu. Nyumba yenyewe imekataa. Inukeni twende." Walipoinuka taa iliwaka vizuri sana, ikawasindikiza hadi mlangoni.

Tangu siku ile mwanao hajalalamika hata kidogo. Anafagia, anateka maji, anaimba. Utulivu huo unanitisha, kwa sababu najua alivyo kwa kijana yule. Baiskeli ya binti imeharibika mara nyingi mno kwa mtu asiyekwenda mbali. Nikimpotezea huyu, sitakuwa na uso wa kumtazama, wala wewe.

5. Usidhani nilikaa tu. Taa inataka kitu kinachosogea, nikaamua kuipa. Nilimteua Redio awe mtikisaji rasmi wa familia. Akaupinga uteuzi, kisha akapinga utaratibu uliotumika kumteua. Nikafungua dirisha ili pazia lipepee. Jicho halikulijali, maana pazia halina joto. Nikamfunga kuku kwenye mguu wa kabati, kiumbe ambaye sijawahi kumwona akitulia kwa heshima ya mtu yeyote. Giza lilipoingia akalala. Kumbe kuku gizani ni mtulivu kuliko mchumba.

6. Kwa hayo yote nimefikia uamuzi. Nyumba ambayo mwenye adabu haonekani na mbishi anang'aa haiwezi kumwozesha binti. Naomba ufanye moja kati ya haya: uvushe umeme korongoni wiki hii, au uzichukue taa zako, au, ukiwa mkubwa wetu, utoe tamko kwamba kuanzia sasa katika ukoo huu heshima ni kurusha mikono, salamu ni kupiga makofi, na binti anayeposwa aruke kamba mpaka wageni waage. Mama ana pendekezo lake la nne, turudi kwenye kibatari. Anasema hajawahi kukiona kibatari kikimkatalia mtu mke.

Vilevile nimeandaa barua ya radhi kwa niaba ya taa. Naiambatanisha hapa. Tafadhali uitie saini wewe, kama mlezi wake.

Msalimie shemeji, wasalimie wapika lami wote na yule mpishi wa kambi aliyekuponya tumbo. Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa fulana ya ndani. Mshona viatu anakusalimu. Redio anapinga salamu za maandishi, lakini nakufikishia zake pia.

Ni mimi, mdogo wako mtiifu, ninayeonekana nikipunga mkono tu.

Nyongeza. Kabla ya kufunga bahasha nimempa mwanao aisome barua hii, kwa kuwa mtu anayetajwa katika habari ana haki ya kujibu. Aliisoma yote, akacheka hadi akakaa chini, kisha akasema, "Baba Mdogo, taa haina kosa." Nyuma ya kila taa kuna kidude cha kuzungusha, cha kuchagua taa ikae muda gani kabla ya kuzima. Cha sebuleni alikizungusha mwenyewe hadi kikagota kwenye muda mfupi kabisa, siku moja kabla ya wageni, nilipokwenda kumwalika Redio.

Nikamuuliza sababu. "Kwenye mwanga mngenitazama kisogo mkasema nimekubali. Nilidhani gizani mtalazimika kuniuliza. Nyie mkaagana!"

Nikamuuliza, je, angeulizwa angesema nini?

"Ningesema ndiyo. Kwa mdomo wangu, shangazi yake asikie."

Nikamuuliza kama kijana alikuwa na habari yoyote ya mpango huu. Akasema kijana ndiye aliyeshika ngazi.

Kwa hiyo usiyajali malalamiko yangu yote, isipokuwa la pili. Barua ya radhi usiitie saini. Nitaiandika upya kwa jina langu. Kijana amekwenda asubuhi hii kumweleza shangazi, na jibu lililorudi ni kwamba atakuja, ila akae karibu na binti ili asikie vizuri. Kikao kinarudiwa Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, sebuleni. Ajenda ni moja: kumuuliza.